Mama Aliyepumzishwa

Tuketi, wapendwa. Wale mliosimama kule mlangoni, nafasi ziko huku mbele. Sijui kwa nini benchi la mbele kanisani linaogopwa hivi, halina misumari. Njooni. Haya.

Neno limeshasomwa, mmelisikia, la kumheshimu baba na mama. Nimelihubiri mara nyingi hapa hapa, na kila nikilihubiri naona mnatikisa vichwa kwa raha, kwa sababu kila mmoja anamfikiria jirani yake aliyemtelekeza mama yake kijijini. Leo sitawasema waliotelekeza. Wale wanajijua. Leo nina neno na watoto wema. Wewe unayempeleka mama hospitali kwa gari, unayemnunulia blanketi zito, unayepiga simu kutoka kazini kuuliza kama amekula na amekula nini. Wewe ndiye ninayekutafuta leo. Usiangalie pembeni, nisikilize.

Kulikuwa na mama mmoja huko milimani, kwenye vijiji vya baridi, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni na watu wanashinda na masweta. Mumewe alikufa mapema. Akamwachia watoto watatu: kifungua mimba wa kiume, wa katikati binti, na kitinda mimba wa kiume. Akawalea kwa jembe lake. Wakasoma, wakapata kazi, wakahamia mjini. Mpaka hapo ni habari ya kawaida, akina mama wengi mliomo humu ndani ni habari yenu.

Ila mama huyu alikuwa na mambo yake. Sisi wengine tukimaliza kazi tunakaa. Yeye akimaliza kazi alianza nyingine, na hiyo ya pili ndiyo aliyoipenda. Mbele ya nyumba alikuwa na bustani ya maua. Maua matupu, hakuna mchicha wala kabichi. Watu wakimwuliza, "Sasa haya yanaliwa?" anawajibu, "Kwani wewe kila unachokitazama unakila?" Alifuma vitambaa vya makochi, na kijiji kizima ukiingia sebule ya mtu unakuta kitambaa chake mgongoni mwa kiti. Alifuga njiwa, akiwaita wanashuka mpaka mabegani. Alicheza bao, tena na wanaume, pale pembeni mwa gulio, na aliwafunga kiasi kwamba wazee wengine wakimwona anakuja kichwa kinaanza kuwauma, wanaaga. Kwenye kwaya ya akina mama alishika sauti ya pili. Na lililowashangaza watu kuliko yote, alifungua redio. Ukiwa na redio mbovu unampelekea. Anachukua bisibisi, anaimwaga yote mezani, anaitazama, anairudishia. Nyingine zilipona. Nyingine zilikufa moja kwa moja, na wenye redio hizo walikaa kimya, kwa sababu nani atamlaumu mama yule?

Hivyo ndivyo alivyozeeka. Alizeeka akiwa na shughuli. Alikuwa na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mkubwa kwake kwa umri, ambaye wale watoto walimwita shangazi. Wakawa wanakaa wawili uwanjani, huyu anafuma, huyu anachambua maharage, wanasengenya kidogo. Msinitazame hivyo, nyinyi hamsengenyi?

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia. Halikuingia kwa mtu mbaya.

Siku moja kifungua mimba yuko kazini kwake mjini. Mwenzake wa ofisi akamwambia, "Nilipita kwenu wikiendi, nilikwenda kwenye harusi. Nilimwona mama yako yuko na jembe, anachimba. Kwani hamna watoto pale kwenu?"

Basi, ni hilo tu. Yule mwenzake aliondoka akaenda zake kunywa chai, na pengine mpaka kesho hakumbuki kama alilisema. Lakini lile neno lilimwingia kijana wa watu likakaa. Mama yake ameonekana na jembe. Uzee ule, na watoto wana magari. Sisi tunajijua tulivyo. Mtoto akifanikiwa, watu hawaangalii nyumba aliyojenga, wanaangalia mama yake. Je, bado anachota maji? Bado analima? Kama bado analima, mtoto hana maana, hata awe nani. Nani hapa hajawahi kusemwa hivyo, au hajawahi kumsema mwenzake hivyo?

Akawaita ndugu zake. Wakakaa, wakakubaliana pasipo ubishi wowote: wakati umefika wa kumpumzisha mama. Wakapanda milimani kumchukua.

Mama akawauliza, "Mnanipeleka wapi?"

"Nyumbani kwangu, mama," akasema kifungua mimba. "Ukapumzike. Umetuhangaikia vya kutosha."

"Na njiwa wangu?"

Kitinda mimba akasema, "Njiwa niachie mimi." Akawagawa kwa majirani. Lakini njiwa hajui kama amegawiwa. Walirudi. Muda mrefu watu wakipita pale walikuwa wanawaona wamekaa juu ya bati la nyumba iliyofungwa, wanangoja kuitwa. Mwisho sijui walikwenda wapi.

Basi mama akafika mjini. Nyumba nzuri, geti, maji ya bomba mpaka chumbani. Uwanja wote umepigwa pevingi, udongo huuoni. Mama akazunguka nyumba ile, akazunguka tena, anatafuta mahali pa kuchomeka ua. Akapata kopo la rangi lililokwisha, akaomba udongo kwa mlinzi wa nyumba ya jirani, akapanda ua lake moja. Mwanawe alipotoka kazini akamkuta amepiga magoti pale chini, mikono ina matope. Akamwinua taratibu, kwa upendo kabisa. Akamwambia, "Mama, geti liko wazi, watu wanapita. Unataka waseme nimekuleta huku kuwa mtunza bustani wangu?" Kopo likapelekwa nyuma, karibu na mashimo ya choo. Huko hakuna aliyelimwagilia.

Yule binti naye alikuwa muuguzi, na alimpenda mama yake kuliko sisi tunavyojua kupenda. Akampima, akakuta sukari imepanda. Akaona sindano ya kufumia. Akasema, "Mama, ukijichoma na hii, kidonda hakitapona. Watu wamekatwa vidole." Akaichukua sindano na uzi wote, akaondoka navyo. Alikosea? Hakukosea. Sukari ni sukari. Wala yule mwingine hakukosea. Mama alipoifungua redio ya sebuleni, kitinda mimba akamkuta na bisibisi karibu na soketi. Akaificha bisibisi. "Umeme utakuua, mama." Na kweli umeme unaua. Kila walichomnyang'anya mama yule walikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli, na hapo ndipo ninaposhindwa mimi kuwatetea na ninaposhindwa kuwahukumu.

Likabaki bao. Bao lake la mti mgumu, mashimo yameng'aa kwa vidole vya watu waliokwisha kufa. Alikuja nalo amelipakata kwenye gari kama mtoto. Mkwewe, mke wa kifungua mimba, akaliona, akalipenda sana. Akasema, "Mama, kitu kizuri hivi kinakaa chini ya kitanda?" Akampelekea fundi, likapigwa vanishi, likatobolewa, likatundikwa ukutani sebuleni juu ya kochi. Wageni wakija wanalisifia. Na chini yake, kwenye kochi, amekaa mwenye bao. Amevaa kitenge kipya. Mikono iko mapajani.

Mikono ile ikawa laini. Binti akija, anaishika anaifurahia. "Tazameni mikono ya mama sasa hivi. Kama ya bibi harusi." Nao wakawa wanapiga picha, wanazituma kwa ndugu, na ndugu wanajibu kwamba mama amependeza, mama amenawiri, hongereni sana. Na kweli alinawiri. Msidhani alikondeshwa. Alikula nyama, alikunywa maziwa.

Jioni moja, mwanawe amekaa naye, mama akamwambia, "Mwanangu, nimechoka."

"Umechoka na nini, mama, na siku nzima umekaa?"

"Nimechoka kupumzika."

Kijana akamtazama. Akamwonea huruma kwelikweli. Akamwambia, "Basi nenda kalale kidogo, mama."

Wapendwa, mnacheka. Hata mimi niliposimuliwa, habari ilipofika mahali hapa nilicheka kwanza. Ila mama hakucheka. Alisimama akaenda kulala kidogo, kama alivyoambiwa.

Baada ya hapo akaanza kunyamaza. Kwaya hakuulizia tena. Halafu mikono ikaanza mambo yake. Amekaa, vidole vinachezea ncha ya blanketi. Vinachomoa uzi, vinaupindapinda, vinaufunga, vinachomoa mwingine. Akichukuliwa lile blanketi anahamia kwenye kitenge. Siku nzima. Blanketi zito la watu, zawadi ya binti, likawa na matundu. Wakamnunulia jingine, akaanza nalo. Wakaitana tena. Wakasema, mama akili zimeanza kuondoka, ni uzee, lazima tukubali. Wakamvalisha soksi mikononi, soksi za sufu, wakazifunga na utepe kwenye vifundo vya mikono ili asizivue.

Shangazi akashuka kutoka milimani kuja kumwona wifi yake. Akaingia sebuleni na kikapu chake cha parachichi, akaona ile mikono.

"Hizi soksi za nini?"

"Anachana mablanketi, shangazi," binti akamjibu kwa upole. "Amerudi utotoni. Hajui tena anachofanya."

Shangazi akakaa karibu na wifi yake. Akainua lile blanketi, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Anajua. Huu ni mtindo wake wa pembeni, ule wa majani. Anafuma. Nyinyi mmemwacha bila uzi, sasa anautafuta mahali ulipo."

Shangazi akamfungua soksi moja, akaushika ule mkono akaupapasa. Akamgeukia kifungua mimba. "Nipe nirudi naye. Nipe hata kwa siku chache tu, nyumba yake ipo, mimi nipo jirani. Akifa atafia kwenye maua yake. Nakuomba, baba."

Akamwita baba, yeye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo. Mama naye aliinua macho akamtazama mwanawe. Hakusema neno, lakini kila aliyekuwa sebuleni pale alijua kwamba amesikia, na kwamba anangoja. Hamkumbuki kungoja namna hiyo? Mtoto mdogo akiona wazazi wanazungumza habari ya kumchukua safari, anavyokaa kimya asije akaharibu?

Kijana akafikiri. Sitaki mseme hakufikiri. Akaiona ile barabara ya kijijini, akamwona mama yake anashushwa na mizigo, akawasikia watu. Amerudishwa. Mke wa kijana ameshindwa naye. Watoto wamemchoka. Akasema, "Shangazi, watu watasema tumemfukuza mama." Akaichukua ile soksi, akamvalisha tena kwa mikono yake, akafunga utepe, asimkaze sana.

Mama akateremsha macho. Shangazi akaacha parachichi, akaondoka. Ilipita kama wiki moja tu mama akafariki, asubuhi, msichana wa kazi wa nyumba ile anamletea uji. Mikono imo ndani ya soksi.

Nyinyi mnajua taratibu zetu za msiba. Turubai likapigwa, viti vikaja, fulana zikachapishwa picha ya mama akiwa amependeza. Na wasifu wa marehemu ukahitajika. Pale usharikani kwao kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa mwandiko mzuri na mtu wa mbinu moja, ambaye wasifu wote wa marehemu anaandika yeye. Mkimpa jambo, yeye anataka mwanzo wake na mwisho wake. Bila hivyo kalamu haiendi. Akakaa na familia sebuleni, miwani puani. Shangazi naye yuko pale chini kwenye mkeka.

Wakaanza vizuri. Kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kufiwa, watoto. Mzee akauliza, "Marehemu alipendelea mambo gani?" Hapo wote wakachangamka, huku wanalia. Maua, njiwa, kufuma, bao, zile redio. Wakacheka hata na hadithi ya redio. Kwa muda ule, ndugu zangu, mama yao alikuwa hai pale ndani kuliko alivyokuwa hai siku zote alizokaa kwenye lile kochi.

Mzee wa kanisa akasema, "Vizuri. Sasa maua aliyalima mpaka lini?"

Kifungua mimba akasema, "Mpaka nilipokwenda kumchukua."

Akaandika. "Njiwa?"

"Niliwagawa mimi," akasema kitinda mimba. "Na bisibisi ya redio niliificha mimi."

"Kufuma?"

Binti akasema, "Nilimchukulia sindano. Ilikuwa kwa ajili ya sukari."

"Sukari ilishuka?"

"Ilishuka."

"Bwana asifiwe. Na bao?"

Wote wakainua macho ukutani. Mzee akatazama juu naye, akarudi kwenye karatasi. Alikuwa mtu mwema, hakuwa anamchimba mtu. Alikuwa anajaza nafasi zake tu. Akasema, "Tuje sasa kwenye kuugua. Marehemu aliugua ugonjwa gani?"

Hapo wakatazamana. Presha ilikuwa nzuri. Moyo ulikuwa mzuri. Binti ni muuguzi, alimpima mwenyewe mpaka wiki ile ile. Akasema, "Daktari alisema ni uzee."

Mzee akamgeukia yule bibi kwenye mkeka. "Shangazi, wewe na marehemu, nani mkubwa?"

"Mimi," akasema shangazi. "Na jana nilikuwa shambani."

"Basi kwenye kuugua niandike nini?"

Shangazi akasema, "Umeshaandika. Soma hapo juu."

Yule mzee akasoma kwa sauti, maana alidhani ameambiwa asome. Maua, mpaka alipochukuliwa. Njiwa, mpaka walipogawiwa. Sindano. Bisibisi. Alipofika kwenye bao akaacha kusoma, akavua miwani, akaanza kuifuta na shati. Binti alikuwa ameziba uso na kanga. Kitinda mimba akatoka nje. Kifungua mimba akabaki amekaa, anatazama mikono yake.

Haya, niambieni. Mngeandika nini nyinyi? Mngesimama chini ya turubai, mbele ya mkuu wa ofisi, mbele ya wanakwaya, mbele ya yule mtu wa "kwani hamna watoto pale kwenu," msome hivyo?

Kifungua mimba akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, watu watasema nini?" Na mzee wa kanisa, kwa huruma, akachukua karatasi nyingine. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Akaandika hivi: "Marehemu alikuwa mama mwenye vipaji vingi. Katika uzee wake watoto wake walimpumzisha kabisa, asishike tena kazi yoyote, wakamtunza kwa upendo mpaka Bwana alipomwita." Uongo hamna humo. Tafuteni, hamtaupata.

Ukasomwa. Lile bao likashushwa ukutani likawekwa karibu na jeneza, na maua ya dukani juu yake. Watu wakapiga makofi msibani, jambo ambalo si la kila siku. Akina mama wakasema, heri aliyezaa. Shangazi alikuwa amekaa safu ya nyuma. Hakupiga makofi, na alipopita kuaga aliweka kiganja kwenye mashimo ya lile bao kidogo, akaenda zake kupanda basi la milimani.

Mngependa niishie hapo. Nawaona, mmeshaanza kufunga vitabu vya nyimbo. Tungewasikitikia wale watoto watatu, tukaenda kula. Lakini habari hii ina mtu mmoja zaidi.

Kulikuwa na mtu chini ya lile turubai. Si ndugu wa marehemu, alikuja kuhani tu kama sisi tunavyokwenda. Aliusikia ule wasifu, ukamchoma. Akalia. Akajiambia, "Wenzangu wamemtunza mama yao namna hii, na wangu bado anahangaika." Akarudi nyumbani. Akamkuta mama yake uwanjani, juani, ungo mikononi, anapepeta maharage huku anaimba wimbo wake wa zamani wa kwaya, anaukosea maneno na kuendelea tu. Akamkaribia. Akamwambia, "Mama, weka hiyo chini. Kuanzia leo unapumzika."

Mama akacheka. Alidhani ni utani. Akaendelea kupepeta.

Basi kijana akanyoosha mikono, akautoa ungo kwenye mikono ya mama yake, taratibu, kwa upendo, machozi yakimtoka.

Mtu huyo ni nani? Wale watatu nimewaficha majina, kwa sababu walikuwa wa kule. Huyu wa mwisho ni wa hapa, na hayuko peke yake. Ni sisi. Sisi tunaokwenda misibani kujifunza namna ya kuua. Tunaogopa maneno ya watu kuliko tunavyoogopa kimya cha mama sebuleni. Mama akiomba jembe, tunampa kiti. Akiomba uzi, tunamletea dawa. Akituambia amechoka kupumzika, tunamwonyesha kitanda. Halafu siku tukimweka kaburini ndipo tunakumbuka alipenda nini, tunakusanya vitu vyake, tunavipanga vizuri karibu na jeneza, tunalia juu yake. Tulikuwa wapi vilipokuwa vinaombwa? Mungu alipompa mama yako mikono, alisema itumike mpaka wewe upate kazi nzuri?

Simaanishi mama mgonjwa akachimbe mitaro. Msiende kusema mchungaji amesema wazee walime. Kama sukari iko juu, mpe uzi wake na sindano, na uwe karibu. Kama umeme unaua, zima swichi, mpe redio yake mbovu. Kaeni naye mcheze bao, na mkubali kufungwa. Kama anataka kurudi nyumbani kwake, mpeleke, na wenye kusema waseme. Wamesema tangu lini wakanyamaza?

Najua mtakuja kuniambia nje hapo kwamba nimewaonea, kwamba nyinyi mnafanya kwa upendo. Najua. Yule naye alifunga utepe kwa upendo, tena hakuukaza sana.

Mama zetu mliokaa upande ule wa dirisha, tangu nianze sijawaona mkitikisa vichwa. Mmekaa kimya, mikono iko mapajani. Kwa kweli ni misafi, hata kucha zimekatwa. Nani amewafanyia hivyo?

Hatutaimba sasa hivi. Kila mwenye mama humu ndani asimame, aende alipokaa mama yake, amshike mikono. Ukikuta ina matope kwenye kucha, mshukuru Mungu. Na ukikuta ni laini, usimwambie amependeza. Kaa naye hapo chini, mwulize wewe ulimnyang'anya nini.